Somo la Mwezi: Maji Hayajui Mpaka

Ndugu wananchi wa Masha, Nakivale na vijiji jirani,

Ugomvi wa maji ukifika kituoni, huja kama shauri la watu wawili: mwenyeji na mkimbizi, au mkulima na mfugaji. Kabla ya kumtaja mkosaji, yafaa tuulize: maji haya yametoka wapi?

Bonde la mto ni nini?
Ni ardhi yote ambayo mvua yake huishia katika mto mmoja. Mto Rwizi huanzia vilima vya Buhweju, hupita mjini Mbarara, huingia Isingiro, hulisha ardhioevu ya maziwa ya Mburo na Nakivale, kisha maji yake huelekea Ziwa Victoria. Achimbaye mchanga ukingoni, alimaye kinamasini au amwagaye taka mtoni huko juu humdhuru mtu asiyemwona. Naye wa chini, maji yakichafuka, humshuku jirani aliye karibu. Hivyo uhasama huzaliwa, na mkosaji haguswi.

Kwa nini serikali hushirikiana?
Wilaya moja haiwezi kulinda mto unaopita katika wilaya nyingi. Ndiyo maana Wizara ya Maji na Mazingira imeigawa Uganda katika kanda nne za usimamizi wa maji. Kanda ya Victoria ina ofisi Mbarara. Mwaka 2006 ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhioevu duniani.

Nchi nazo hufuata njia hiyo. Mwaka 2003 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini itifaki ya maendeleo endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria. Katika Mto Kagera, ulio mpaka wa Isingiro na Tanzania, mtambo wa umeme wa Kikagati–Murongo umejengwa kwa makubaliano ya Uganda na Tanzania. Mto utenganishao nchi waweza pia kuziunganisha.

Wajibu wetu
1. Uonapo maji yamebadilika rangi au harufu, au samaki wamekufa, usiyatumie. Wajulishe jirani zako.
2. Andika mahali, siku na saa. Usiguse mapipa wala mabaki yaliyotupwa; huo ni ushahidi.
3. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa LC1, kwa afisa mazingira wa wilaya na kwa kituo cha polisi. Walio makazini wawajulishe pia viongozi wa makazi.
4. Usijichukulie sheria mkononi. Polisi hawapimi maji. Hulinda ushahidi, huzuia ghasia na huwaita wataalamu wenye vipimo.

Mkimbizi na mwenyeji hunywa maji ya bonde moja. Taarifa ya kila mmoja ina uzito uleule.

Maswali ya kujadili kijijini
Maji yetu hupita wapi kabla ya kutufikia? Nani huyatumia baada yetu? Je, sisi tunamwachia nini?