Mdogo Wangu, Hiyo Printa Usiinunue Kwanza

Mdogo wangu, najua umeshaiona. Imekaa kwenye kabati la kioo pale Kariakoo, nyeupe, inaprinti rangi, inaskani, na chenji iliyobaki kwenye kazi ya kadi za harusi inatosha kabisa kuibeba. Umeshaanza kuwaza utaiweka meza ipi ili mteja akiingia tu aione. Nakuelewa. Ofisi ya chumba kimoja isiyo na mashine inamtia mtu unyonge, hasa mteja anapouliza, "Kwa hiyo ninyi mnaprintia wapi?" Unyonge huo ndio unaowatoa wengi hela mfukoni kabla hawajapiga hesabu. Hebu kaa kidogo tuzungumze.

Rahisi ghali. Umelisikia tangu utotoni, lakini kwenye printa ndogo za katriji utaligusa kwa mkono. Mashine inauzwa bei ya chini, faida inatafutwa kwenye wino. Ni kama kuuziwa jiko la gesi kwa bei ya kutupa, halafu kila mtungi ukaulipia karibu bei ya jiko lenyewe. Na zile katriji unazozikuta ndani ya boksi mara nyingi zina wino pungufu kuliko utakazonunua baadaye, kwa hiyo furaha yenyewe haifiki mbali.

Chukua kalamu, mwaya. Tuseme katriji ni shilingi 50,000 na boksi linasema kurasa 200. Kila ukurasa umekula wino wa shilingi 250, hapo hujahesabu karatasi, umeme, wala zile zilizotoka na mistari ukazitupa. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mnapoumia ninyi watu wa ubunifu. Idadi ile ya kwenye boksi hupimwa kwa kurasa zenye wino kidogo. Kwa tona nyeusi ya printa za leza kipimo ni karibu asilimia 5 tu ya karatasi iliyofunikwa. Hiyo ni barua ya ofisi. Wewe unaprinti kipeperushi chenye bluu kutoka ukingo hadi ukingo, na picha juu yake. Ukifunika nusu ya karatasi umetumia wino wa barua kumi, na zile 200 zinakuwa 20. Ukurasa mmoja umefika shilingi 2,500, na mteja ulishamwambia elfu moja.

Halafu mwisho wa mwezi unakaa unajiuliza kazi zilikuwepo, wateja walilipa, pesa imekwenda wapi? Unaanza hata kumtazama vibaya binti anayekusaidia pale ofisini, maskini, na hajagusa senti yako. Nimewaona waliogombana na ndugu zao wa damu kwa wino waliouprinti wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi fungua daftari. Mwezi mzima, kabla hujanunua chochote, endelea kuprintia steshenari ya jirani na uandike kila ukurasa: mweusi au wa rangi, karatasi gani, wa mteja au wa kwako. Andika na nauli ya bodaboda, andika na saa ulizokaa kwenye foleni, maana nazo ni hela. Kama kila siku unapanda boda kwenda kuprinti karatasi mbili, hapo mashine ya kwako ina hoja. Daftari likikwambia hivyo, nunua bila hofu.

Kazi zako zikiwa nyingi ni ankara, mikataba na barua, tafuta leza ndogo ya nyeusi. Ile HP P1102 unayoiona kwenye steshenari nyingi hutumia tona ya 85A, ambayo imepimwa kutoa kurasa 1,600 hivi, na tona ni unga, haikauki hata usipoigusa miezi miwili. Ila usiichomeke kwenye UPS pamoja na kompyuta. Leza hupasha moto karatasi na ikiwaka huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Ukihitaji rangi kila wiki, nenda kwenye printa za matanki, zile za kumimina wino wa chupa. Kwa zile Epson zinazotumia chupa za 103, chupa nyeusi hukadiriwa kurasa 4,500, na rangi tatu kwa pamoja kurasa 7,500. Hata ukigawa kwa kumi kwa ajili ya mabluu yako, bado unabaki na kurasa za kutosha kupata faida. Lakini nayo inataka malezi. Printi japo ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, la sivyo matundu ya hedi, kile kichwa kinachotema wino, yanaziba. Na kila unaposafisha hedi, wino wa hela yako unaishia kwenye sponji ya ndani. Izime kwa kitufe chake, usikimbilie swichi ya ukutani, ili hedi irudi kwenye kifuniko chake. Na wino mwingi wa rangi wa mashine hizi hauhimili maji. Usimprintie mama wa juisi stika za chupa zinazokaa kwenye friji, zitachuja, na lawama atakupa wewe.

Kadi 300 za mwaliko kwenye karatasi nene ya gramu 300, mabango, fulana, hizo peleka kwa wachapaji. Usione aibu, mdogo wangu. Mteja amekuja kwa jicho lako na mkono wako, hakuja kwa sababu una mashine. Wachapaji wa ofseti hutengeneza bamba kwanza, na gharama ya bamba ni ileile ukichapa nakala 50 au 5,000; kwa hiyo nakala chache omba dijitali, nyingi sana omba ofseti. Omba nakala moja ya kuangalia kabla ya zote, maana rangi ya kwenye skrini na ya kwenye karatasi hazifanani, na jina la bwana harusi likikosewa hakuna wa kukuonea huruma.

Siku ukienda dukani, usianze na bei ya mashine. Uliza wino wake unaitwaje, shilingi ngapi, unatoa kurasa ngapi. Uliza fundi yuko wapi na vipuri vinapatikana wapi. Kisha mwambie muuzaji akutolee chupa ya wino huo uione kwa macho. Akisema umeisha, uje wiki ijayo, mshukuru kwa adabu, rudisha pesa mkobani na uende duka la pili.