SOMO LA WIKI: Jinsi ya kumvuta mchezaji kwenye mchezo asioujua

Bidhaa mpya ikiingia sokoni, mteja hujiuliza: nikiijaribu nitapoteza nini? Wiki hii tunalitazama swali hilo kupitia sataranji ya aina mpya, ambayo waandaaji wake wamelijibu kwa fedha zao.

Mmarekani Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, aliutangaza mchezo huu mjini Buenos Aires mwaka 1996. Kete ni zile zile, ila za safu ya nyuma hupangwa kwa kura, na mipangilio inayokubalika ni 960. Kukariri vitabu hakusaidii. Hiyo ndiyo sifa yake, na hiyo hiyo ndiyo hofu ya mchezaji wa kawaida: miaka aliyotumia kujifunza namna za kuanza mchezo ni mtaji, na hapa mtaji huo haumfai kitu. Tena ushindi wake haumwongezei alama za sataranji ya kawaida.

Mainz, Ujerumani, walianza kidogo. Mwaka 2001 waliwapambanisha vigogo wawili, Peter Leko na Michael Adams, watu wakatazama tu. Mwaka 2002 wakafungua mlango kwa wote, ndani ya tamasha lile lile la sataranji ya kasi. Waliingia wachezaji 131. Aliyekwisha kulipa nauli na chumba cha hoteli hakuwa na gharama kubwa ya kujaribu. Na palikuwa na chambo: Peter Svidler, mshindi wa shindano hilo la wazi, mwaka 2003 alicheza na Leko na kumshinda.

Njia ya pili ni fedha nyingi kwa wachache. Mwaka 2024 kampuni ya uwekezaji ya Left Lane Capital iliweka dola milioni 12 katika mashindano ya Freestyle. Nyota walikuja, lakini kituo cha Delhi kilichotangazwa kwa mwaka 2025 hakikuchezwa. Nyota hulipwa, hawalipi kiingilio. Pasaka ya mwaka huo huo, Karlsruhe waliweka Freestyle ya wazi sambamba na sataranji ya kawaida, na Magnus Carlsen akacheza humo kati ya watu wa kawaida. Kwa maoni yetu, tangazo gani lingezidi hilo?

Msomaji ukiombwa udhamini wa shindano la namna hii, usianze na ukubwa wa zawadi ya kwanza. Uliza linafanyika kando ya shindano gani, na mtu wa nafasi ya 80 anarudi nyumbani na nini.