Somo: Jinsi ya Kutunza Nyumba ya Udongo na Nyasi

Mchongaji wa Tabaka akishapiga msasa sanamu yake ya jiwe la sabuni, kazi imekwisha. Jiwe hilo litakaa miaka mingi bila kudai kitu. Nyumba ya jadi haiko hivyo. Ile nyumba ya mviringo ya Abagusii, yenye kuta za fito zilizokandikwa udongo na paa la nyasi, huhitaji mkono wa mtu kila msimu.

Nyumba za aina hii sasa huonekana zaidi katika makavazi ya wazi. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, ilijenga maboma ya jamii mbalimbali, wakiwemo Abagusii. Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana boma la Waluo.

Kwa nini huharibika?

Nyumba ya maonyesho haina mwenyewe. Zamani moto wa kupikia uliwaka kila siku, na moshi wake ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Mama mwenye nyumba aliona ufa ungali mdogo, akauziba. Nyumba ikifungwa, unyevu na mchwa huingia bila kuonekana.

Mambo ya kufanya

1. *Moshi.* Washeni moto mekoni mara kwa mara. Asikosekane mtu wa kuulinda, na maji yawe karibu.

2. *Maji.* Chimbeni mtaro kuzunguka nyumba. Upenu uwe mrefu ili mvua isipige ukuta.

3. *Kuta.* Zibeni nyufa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Msitumie saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, fito huoza, na lipu hubanduka pamoja na udongo wa zamani.

4. *Nguzo.* Kagueni sehemu inayogusa ardhi. Nguzo moja ikioza, badilisheni hiyo moja. Si lazima kubomoa nyumba nzima.

5. *Kumbukumbu.* Pigeni picha kabla ya kila ukarabati, na mwandike aina ya mti, nyasi na udongo uliotumika.

Lililo hatarini

Mashamba yetu yamegawanywa vipande vidogo, na nyasi za kuezekea ni adimu. Mafundi wengi wanaojua kuezeka ni wazee. Paa likioza laweza kuezekwa upya, lakini fundi akifariki kabla ya kumfundisha mtu, hakuna wa kuliezeka.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja makavazi miongoni mwa majukumu ya kaunti. Hata hivyo, ujuzi wenyewe uko nyumbani kwenu. Kama boma lenu bado lina nyumba ya jadi, tafadhali msiibomoe kabla ya kuzungumza na ofisi ya utamaduni. Na kama mna mzee ajuaye kuezeka, mpeni kijana wa kumshikia ngazi na kujifunza kwake.