Punda Mzee na Misuli ya Mgongo

Wenzangu katika Chama cha Kiswahili wameandika juu ya ngeli, methali na ushairi. Mimi nitaandika juu ya punda wetu, Zawadi, na jinsi mnyama mzee afanyaye kazi anavyoweza kurudishiwa misuli. Msicheke! Punda huyu ndiye anayenilipia karo.

Zawadi huvuta mkokoteni wa maji hapa Kitale. Umri wake ni kama miaka 20. Likizo ya Agosti alisimama katikati ya mlima akiwa na mitungi 18 ya lita 20. Hata fimbo haikumsogeza. Hebu piga hesabu: hizo ni kilo 360 za maji, bado mkokoteni wenyewe. Sisi ndio tuliokosa. Jioni hiyo mnunuzi mmoja akaja akasema, "Mama, huyu amekwisha. Niuzie kabla hajakufia." Mama alikuwa tayari, maana karo ya muhula wa tatu ilikuwa bado. Nikamsihi anipe miezi mitatu. Kesho yake nikapanda matatu hadi Chwele, kule Bungoma, kwa babu, ambaye amefuga maksai na punda tangu ujana wake.

Misuli si mafuta

Umoja wa misuli ni msuli. Ndugu zetu wa pwani huita msuli pia ile nguo wanaume wanayojifunga kiunoni. Huku kwetu watu husema tu "nyama", na hapo ndipo tunapodanganyika. Punda huweka mafuta shingoni na matakoni, na mafuta hayo yanaweza kubaki hata nyama ya mgongo ikiisha. Babu aliniambia, "Usimtazame kwa macho, mjukuu wangu. Mpapase."

Niliporudi nikampapasa Zawadi. Shingo ilikuwa nene, lakini uti wa mgongo ulisimama kama paa la nyumba, na kando yake kulikuwa na mabonde. Hapo nikajua.

Kwanza: tafuta sababu

Usianze na chakula. Anza na mdomo. Meno ya punda huendelea kuchomoza na kusagika maisha yake yote. Uzeeni hubaki na ncha kali, au hung'oka. Zawadi alikuwa akitafuna nyasi kisha akizitema kama vidonge. Daktari wa mifugo alimpiga tupa meno, akampa dawa ya minyoo na kumpunguza kwato.

Kisha tukatazama lijamu na kamba. Tulikuwa tukimfunga nira ya ng'ombe. Lo! Ng'ombe ana nundu ya kuzuia nira, punda hana. Yeye husukuma kwa kifua, kwa hiyo hutakiwa mkanda mpana wa kifuani, wenye kitambaa laini. Mnyama mwenye maumivu hukwepa kutumia mwili wake sawasawa, na msuli usiotumika hupungua.

Pili: chakula

Punda wa kilo 150 huhitaji kama kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku, na afanyaye kazi huhitaji zaidi kidogo. Mabua ya mahindi hujaza tumbo, lakini misuli hujengwa kwa protini. Tulimwongezea majani ya viazi vitamu na lusini kidogo, yote yakikatwakatwa kwa sababu ya meno yake. Chakula kipya huongezwa polepole, kwa siku nyingi. Maji safi yawepo daima.

Hapa Kitale mahindi ni mengi, na ndiyo hatari yenyewe. Punde tu gunia likishika kuvu, watu husema, "Mpe punda." Usithubutu! Sumu ya kuvu fulani ya mahindi huharibu ubongo wa punda na farasi hata wakafa. Hata mahindi mazuri yakizidi huleta msokoto wa tumbo na ugonjwa wa kwato. Wala usimnyime punda chakula ghafla ili akonde, kwani mafuta hujaa katika damu na anaweza kufa.

Tatu: mazoezi

Kumpumzisha kabisa punda mzee ni kumdhoofisha. Wiki mbili za kwanza nilimtembeza bila mzigo, dakika 20 kila jioni baada ya shule. Halafu dakika 30, halafu miinuko midogo. Nilimfundisha pia kurudi nyuma hatua tano tano, ili atumie mapaja na kiuno. Wiki ya sita tukamfunga mkokoteni mtupu. Ya nane, mitungi minne. Akihema sana au akijikwaa, tulirudi nyuma wiki moja. Siku moja katika juma alipumzika, maana msuli hujengeka wakati wa kupumzika.

Matokeo

Kufikia Novemba yale mabonde ya mgongoni yalikuwa yamepungua. Hayajaisha, na sidhani kama yataisha. Uzee ni uzee. Sasa Zawadi anabeba mitungi minane tu, basi. Tunakwenda safari mbili fupi, na fedha zimepungua. Karo sijaimaliza. Lakini mnunuzi alipopita tena, Mama hakumjibu. Aligeuka akaniambia, "Mpe maji kwanza, ndipo ule."

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbebesha mnyama kupita kiasi. Na mwaka wa 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Sheria ni nzuri, ila haiko nasi mlimani. Mlimani ni wewe na punda wako.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mimi nauliza: je, shukrani yetu kwake ni ipi? Ukifika nyumbani leo, mpapase mgongo.