Kunyosha Meno

Mtu akisimamisha nguzo katika shimo na kuushindilia udongo, hawezi kuisogeza tena pasipo kuichimbua. Jino nalo limesimama katika mfupa wa taya kama nguzo ilivyosimama ardhini, na mfupa ni mgumu kuliko udongo. Hata hivyo, waganga wa meno huweza kulisogeza jino lililopotoka mpaka likasimama safu moja na wenzake, wala halichimbuliwi. Jambo hili hufanyikaje? Watu walianza kulitenda karne nyingi kabla ya kujua sababu yake.

Kwanza yafaa tujue kwa nini meno hupotoka. Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Apatapo umri wa miaka 6 hivi, meno hayo huanza kutoka moja moja, na mengine makubwa huota, hata mtu mzima akawa na meno 32. Pengine taya ni dogo na meno ni makubwa. Basi hubanana kama watu wengi katika benchi moja, hili likasukumwa mbele na lile nyuma. Pengine jino la utotoni hukawia kutoka, na jipya likaota nyuma yake. Meno yaliyobanana ni taabu kuyasafisha, maana chakula hujificha katikati yake. Na meno ya juu yasipokutana vema na ya chini, kutafuna huwa shida. Lakini si kila tofauti ni kasoro. Mwanya, kwa mfano, watu wengi wa pwani yetu huuhesabu kuwa ni uzuri.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Mrumi mmoja jina lake Celsus aliandika kitabu cha uganga. Humo aliagiza kwamba jino jipya la mtoto likiota kabla ya lile la kwanza kuanguka, la kwanza ling'olewe, na jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Angalia vema: hakutaja nyundo, bali kidole tu, na kila siku.

Miaka mingi ilipita. Mwaka wa 1728 mganga wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi yake. Alieleza jinsi alivyotwaa ukanda mwembamba wa madini, akaufungia kwenye meno kwa uzi, ili meno yaliyopotoka yavutwe polepole kuufuata ukanda. Lakini alikuwa na njia nyingine tena: kulishika jino kwa koleo, kulinyosha mara moja kwa nguvu, kisha kulifunga kwa majirani zake mpaka likazane. Njia hiyo ilikuwa ya haraka, lakini yenye hatari, kwa kuwa jino lililolazimishwa hivyo laweza kuvunjika au kufa.

Mwaka wa 1899 Mmarekani Edward Angle aliyagawa makosa ya meno katika aina 3, kwa kutazama jinsi magego ya juu yanavyokutana na ya chini. Mwaka wa 1900 akaanzisha shule ya kufundisha kazi hii katika mji wa St. Louis. Siku zile nyaya za meno zilikuwa za dhahabu, na baadaye zikafanywa za chuma kisichoshika kutu.

Lakini ile siri ya mfupa ilikuwa nini? Mwaka wa 1904 na 1905 Carl Sandstedt wa Sweden alitangaza majaribio yake. Aliyavuta meno ya mbwa kwa waya, kisha akautazama mfupa kwa hadubini. Akaona ya kuwa mfupa si kitu kilichokufa kama jiwe. Upande ule jino linakoelekea, mfupa huyeyuka kidogo kidogo. Na upande ule linakotoka, mfupa mpya hujengwa. Basi jino halipasui mfupa. Mfupa wenyewe hulipisha. Aliona na jambo jingine: nguvu ilipozidi, nyama nyembamba iliyo kati ya jino na mfupa ilikufa, na jino likakawia kusogea. Hivyo nguvu nyingi huleta mwendo mdogo.

Tangu hapo vifaa vimeendelea sana. Zamani kila jino lilivishwa pete ya madini ili lishike waya. Mwaka wa 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba uso wa jino ukipakwa asidi huweza kushikana na gundi. Kwa hiyo siku hizi vibanio vidogo hugandishwa juu ya jino lenyewe. Lakini mwendo haukubadilika sana: jino husogea kadiri ya milimita 1 kwa mwezi, na kazi yote mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu au miwili. Nyaya zikiisha kuondolewa, mtu huvaa kifaa cha kuyazuia meno, la sivyo hurudi yalikotoka.

Basi, mwanafunzi, usijaribu kunyosha meno yako mwenyewe kwa uzi wala mpira. Mpira uliovishwa jino huweza kuteleza chini ya ufizi, ukaharibu mfupa pasipo kuonekana, hata jino zima likang'oka. Jino jipya likiota nyuma ya la kwanza, mwambie mzazi wako akupeleke kwa mganga wa meno. Wahenga walisema: Bandu bandu huisha gogo. Kidole cha Celsus na waya wa leo hufuata njia hiyo moja.

Maswali
1. Kwa nini meno hubanana?
2. Eleza njia mbili za Fauchard. Ipi ilikuwa na hatari, na kwa nini?
3. Sandstedt aliona nini katika mfupa?
4. Andika sentensi tano kueleza kazi nyingine ambayo nguvu ndogo ya kila siku hushinda nguvu nyingi ya mara moja.