Maji ya Chumvi na Sukari: Shauri la Daktari wa Watoto

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumerudia somo la osmosisi, yaani namna maji yanavyopenya katika utando mwembamba wa chembe hai. Wengi wetu twalikariri kwa ajili ya mtihani wa Novemba, na baada ya hapo huenda tukaliacha pale pale maabara. Nami nataka kuwaonyesha wasomaji wa gazeti letu, na hasa wazazi wanaolisoma siku ya kututembelea, kwamba somo hilo limewatoa watoto wengi katika mdomo wa kaburi. Mmoja wa watu waliolitoa maabara wakalipeleka mpaka kwenye mkeka wa mgonjwa alikuwa daktari wa watoto, Dilip Mahalanabis, Mhindi wa Bengal, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2022.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Kipindupindu kina tabia ya kusafiri, na wataalamu wamehesabu safari zake saba kubwa za kuzunguka dunia. Safari mojawapo ya zamani ilifika Unguja mwaka 1869. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo, kikatoka mwaka 1876. Safari ya saba ilianza Indonesia mwaka 1961, ikaingia Afrika mwaka 1970, na mwisho wa miaka ile ya 1970 Tanzania Bara na Visiwani zilikwisha onja uchungu wake. Safari hiyo ya saba haijaisha hata leo. Mwaka 2015 ilizuka tena Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi.

Mtu hufaje kwa kipindupindu? Wengi hudhani kijidudu chake hula utumbo. La, hauli. Hukaa juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu, na sumu ile huziamuru chembe za utumbo zimwage chumvi nje. Chumvi ikitoka, maji hufuata. Kidato cha Pili wamekwisha liona jambo hili kwa macho yao: kipande cha kiazi ukikitia katika maji yenye chumvi nyingi, baada ya saa chache hulegea kama kitambaa, kwa kuwa maji yake yameifuata chumvi. Mgonjwa mkubwa aweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Damu huwa nzito, mapigo ya moyo hudhoofika, na aliyekuwa mzima asubuhi huweza kuwa maiti jioni. Kwa mtoto mchanga, ambaye maji yake yote mwilini ni kidogo, saa hizo ni chache zaidi. Basi kinachoua ni ukavu.

Dawa ya ukavu ni maji, na kila mtu aweza kulijua hilo. Walakini maji matupu yakinywewa hupita tu, kwa sababu utumbo uliotiwa sumu hauyashiki. Kwa miaka mingi madaktari hawakuwa na njia ila kutoboa mshipa na kumtia mgonjwa maji ya dripu. Ni njia nzuri, nayo huokoa hata leo. Lakini yataka chupa zilizo safi kabisa, sindano, mirija, na mtu aliyefundishwa.

Mwaka 1960 mtaalamu wa kemia ya mwili, Robert Crane wa Marekani, alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo mna mlango ambao sukari ya glukosi na chumvi ya sodiamu huingia pamoja, kama watu wawili walioshikana mikono. Mmoja akija peke yake, mlango haufunguki vema. Na jambo la ajabu ni hili, kwamba sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Milango ya kutokea yote i wazi, lakini mlango huu wa kuingilia ungali unafanya kazi. Mtie mgonjwa chumvi na sukari kwa kipimo, zote mbili zitaingia, na maji yatazifuata, kama yalivyoifuata chumvi ya kiazi, ila safari hii yanaelekea ndani. Mwaka 1968 madaktari vijana wawili, David Nalin na Richard Cash, walionyesha huko Dhaka kwamba wagonjwa walionyweshwa maji ya namna hiyo walihitaji dripu kidogo sana kuliko wengine. Hayo yalifanyika hospitalini, chini ya macho ya waganga stadi, nao wakubwa wengi walisema kwamba hapo ndipo mahali pake: nje ya hospitali watu wasiosoma watakosea vipimo.

Mwaka 1971 vita vilizuka katika nchi iliyoitwa wakati ule Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ndiyo Bangladesh. Watu kiasi cha milioni 10 walikimbilia India. Mvua ikawakuta kambini, na kipindupindu kikaja pamoja na mvua. Daktari Mahalanabis alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti mjini Calcutta. Kazi yake ya asili ilikuwa utabibu wa watoto. Aliwahi kuufanya hata katika hospitali ya watoto London. Mwezi wa Juni akapelekwa Bangaon, mji ulio karibu na mpaka.

Alikuta vyumba viwili vimejaa wagonjwa waliolala sakafuni. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba ili kumtia mtu dripu ilimlazimu kupiga magoti katika matapishi na uchafu wa wagonjwa. Katika watu wake wote, wawili tu ndio waliofundishwa kutia dripu. Kabla ya siku mbili kupita aliona kwamba vita hivyo atashindwa, kwa maana maji ya dripu yalikuwa yanakwisha na watu walikuwa bado wanamiminika.

Hapo ndipo alipokata shauri. Huko Calcutta wenzake walipima glukosi gramu 22, chumvi ya kawaida gramu 3.5 na bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni jamaa ya magadi, gramu 2.5, kiasi cha kutosha lita moja ya maji. Walitia katika mifuko ya plastiki na kuifunga midomo kwa pasi ya moto, pasi hii hii ya kunyoshea nguo. Kule kambini wakakoroga katika mapipa yenye bomba, na jamaa za wagonjwa wakaja na vikombe vyao kukinga. Waliowanywesha watoto ni mama zao, dada zao na bibi zao. Katika wale waliokuwa wakitegemea dripu peke yake vifo vilikuwa 20 hata 30 katika kila 100. Kwa Daktari Mahalanabis, katika wagonjwa zaidi ya 3,000, vilishuka mpaka chini ya 4 katika kila 100.

Kuna jambo dogo katika habari hii linalonipendeza kupita hizo hesabu. Watu hawakuyaamini maji yale. Walizoea kwamba dawa ya kweli ni ile ya sindano, na kinywaji kisicho na rangi wala uchungu walikiona kama cha kuwadanganya. Daktari hakuwakaripia. Aliwaambia kwamba haya ni maji yale yale ya dripu, ila yanaingia kwa mdomo. Ndivyo ilivyo hasa, na watu wakanywa.

Bibi yangu naye hakuyaamini. Nilipomweleza somo hili wakati wa likizo alinijibu, "Mjukuu wangu, mtungi uliotoboka hautiwi maji. Ukimtilia maji mtoto anayehara, wamharisha zaidi." Twajua wazazi wengi wana fikira hiyo hiyo, na si ya kijinga, kwa maana kwa macho ndivyo inavyoonekana: akinywa, anahara. Nikamwambia, "Bibi, hata mtungi uliotoboka, ukiutia upesi kuliko unavyovuja, hujaa." Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Haya, na mkono wa mtiaji ukichoka?"

Swali lake ndilo lenyewe. Kijiko kwa kijiko, kila dakika moja au mbili, usiku kucha, na mtoto akitapika ungoje dakika kumi uanze tena polepole: kazi hii haiwezi kufanywa na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa mia. Mama aiweza, na mama akichoka shangazi aipokea. Daktari Mahalanabis aliona kwamba wale jamaa waliosongamana mlangoni, ambao hospitali nyingi huwafukuza, ndio watumishi aliokuwa akiwakosa. Ikiwa mtu atauliza shauri lake kwa familia lilikuwa nini, naona ndilo hilo: usingoje fundi aje, anza wewe, wala usiache mpaka kuhara kukome.

Shauri kwa wakubwa wa serikali lilikuwa gumu zaidi kukubalika. Kila aliye na madaraka hupenda dawa ipite mkononi mwake. Daktari Dhiman Barua wa Shirika la Afya Duniani alikwenda kujionea, akasadiki, na maelezo ya maji hayo yakatangazwa katika redio ya siri ya wapigania uhuru wa Bangladesh. Hata hivyo wakubwa wengine waliendelea kusita. Taarifa ya Bangaon ilichapishwa mwaka 1973. Ilipofika 1978 gazeti la madaktari la Uingereza, Lancet, lilisema kwamba ugunduzi wa njia ile ya chumvi na sukari huenda ukawa mkubwa kuliko wote wa utabibu katika karne hiyo. Naona wangaliweza kulisema mapema.

Kutangaza tu hakutoshi, na Bangladesh wenyewe walijifunza hivyo. Kuanzia mwaka 1980, kwa muda wa miaka 10, chama chao kiitwacho BRAC, kilichoanzishwa na Fazle Hasan Abed, kilituma walimu wanawake nyumba kwa nyumba, katika nyumba zaidi ya milioni 12, kumfundisha kila mama kuchanganya chumvi na sukari guru kwa vidole vyake mwenyewe. Mishahara ya walimu hao ilitegemea kile walichokumbuka wale mama walipokaguliwa baadaye. (Wanafunzi wenzangu, fikirini kama walimu wetu wangelipwa hivyo!) Lakini mwanzoni kina mama walikuwa wakijua bila kutumia. Walipochunguza waligundua kwamba baadhi ya walimu wenyewe, wakiugua, hawakuyanywa maji hayo, na kwamba waume hawakuwa wameelezwa neno. Ikabidi kuwafundisha upya walimu, kisha kwenda kusema na wanaume sokoni na misikitini. Wakubwa wetu wakipeleka pakiti kijijini, yafaa wapeleke na mtu atakayekaa na baba wa nyumba pia.

Sitasema kwamba maji haya yamaliza kipindupindu. Hayachimbi choo wala hayasafishi kisima, na pasipo vitu hivyo ugonjwa utarudi kila masika. Bali yampa mtoto nafasi ya kuwa hai wakati visima vinaposafishwa.

Basi kwa mzazi: pakiti ya O.R.S. hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Isomwe kwanza, maana si zote ni za lita moja, nayo ikorogwe katika maji safi ya kunywa yaliyopimwa. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Chumvi isizidi kabisa, kwa kuwa ikizidi hudhuru. Onja, maji yasiwe na chumvi kupita machozi. Yakilala usiku na mchana yamwagwe, yakorogwe mengine. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu ya kikombe kila anapohara, na mkubwa kuliko huyo nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Anyonye kama kawaida, tena ale. Zahanati pia humpa vidonge vya zinki vya siku 10 hata 14, navyo vimalizwe hata kama kuhara kumekoma.

Lakini kuhara kukiwa kweupe kama maji ya kuoshea mchele, au macho ya mtoto yakididimia, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikawia kurudi, au akalegea asiweze kunywa, huyo huenda akahitaji dripu, wala nyumbani si mahali pake tena. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na madhali aweza kumeza, njiani mwenye kumpakata ashike kikombe na kijiko, aendelee kumpa.