Amjuaye Ndege Humtunza

Je, mtu aweza kukitunza kitu asichokijua? Mjini Nairobi wapenzi wa ndege wamezoea kukutana penye Jumba la Makumbusho kila Jumatano asubuhi, desturi iliyoanza mwaka 1971. Hutembea kimya, wakitazama, wakimtaja kila ndege kwa jina lake. Wengine watasema huo ni mchezo wa wasio na kazi. Sivyo.

Huko Kilifi yuko mnana ambaye hapatikani mahali pengine duniani. Wataalamu walimpa jina mwaka 1913. Lakini viota vyake havikujulikana mpaka mwaka 2013, wapenzi wa ndege walipoviona katika kinamasi cha Dakatcha, kaskazini ya Malindi. Sasa twajua mahali pa kulinda: kinamasi kikikauka, na miti ikichomwa makaa, hana pa kulelea makinda.

Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kisha akaletewa ndege awape majina. Kazi hizo mbili ni moja. Basi, enyi wazazi, Jumapili baada ya Misa tembeeni na watoto wenu, mkawafundishe majina ya ndege watano wa kwenu. Na manati yabaki nyumbani.